Nawi Amepanda Mlimani, Jamani, na Mimi Sijatulia Bado!

Acha hicho unachofanya! Weka jembe chini, zima redio, mwambie mteja arudi kesho, kisha nisikilize, maana nikikaa na habari hii zaidi ya hapa nitapasuka. Nimemwona Nawi! Nimemwona, bwana, tena si kwenye kisimu chenye kioo kilichopasuka, wala si kwa vile vipande vya dakika moja moja ambavyo watu wanarushiana. Nimemwona mzima, mkubwa, mng'avu, uso wake umejaa ukuta wa ukumbi hapa hapa Kapsokwony, jicho lake moja tu kubwa kuliko dirisha, na hata sasa ninapokuandikia mkono haujatulia. Na wewe hukuwepo. Ulikuwa wapi lakini? Haya, yameisha, nitakusimulia, ila ujue mapema kwamba kusimuliwa si kuona.

Najua utanikatiza. Utasema Nawi ilitoka 2024, watu wa Nairobi walishaiona na kuimaliza. Sawa! Lakini hebu niambie, filamu inakuwaje kuukuu kabla haijafika kwenu? Huku juu hatuna jumba la sinema. Filamu ikitaka kutuona sisi inafika kwanza Kimilili, inashika njia ya mlima, inaingia Kapsokwony ikiwa imechelewa na imechoka, na siku inayoingia ndiyo siku yake ya kutoka. Kwa hiyo hizi zote nitakazokutajia ni mpya, mbichi kabisa, na hukumu zangu ni za mtu aliyetoka ukumbini sasa hivi, masikio bado yanavuma.

Ngoja kwanza nikuketishe. Mabati juu, saruji chini, shuka jeupe la kitanda limekazwa ukutani kwa misumari, projekta ndogo imepandishwa juu ya meza iliyopandishwa juu ya meza nyingine, na nje jenereta inanguruma kwa sababu stima yetu haiaminiki jioni yenye mawingu. Baridi ilikuwa ile ya Elgon yenyewe, ile inayopenya koti, inapenya sweta, inakuja kukusalimu mfupani. Watu walikuja na mablanketi! Wazee na maravini zao, akina mama na leso juu ya leso, watoto wamebanana mbele juu ya magunia, vijana wamesimama nyuma wakijifanya hawana haja sana. Viazi vya kuchemsha vikapita, mahindi yakapita, chai ya maziwa ikapita kutoka mkono hadi mkono, na harufu ya moshi na makoti mabichi na petroli ikachanganyika, raha tupu! Na mlima huu una watu wanaoikumbuka vizuri sana miaka ile ya mapigano ya 2006 hadi 2008, wakati jua likizama kila mtu alijifungia kwa hofu. Sasa kuwaona wamejaa usiku, wakubwa kwa wadogo, wanagombania pembe ya benchi kwa ajili ya filamu tu... mimi nilikuwa nimeshashiba furaha kabla taa hazijazimwa. Na bado!

Taa zikazimwa, Turkana ikawaka.

Nakwambia mwanga uliotoka kwenye lile shuka ulitupiga usoni kama joto la tanuri la mkate linapofunguliwa mlango. Mchanga, mawe, miti michache yenye miiba, anga tupu isiyo na hata kiwingu kimoja cha kuazima, mwanga mweupe, mkali, mzuri, wa kikatili! Sisi tuliojikunyata tukaanza kulegeza vifungo. Sikutanii. Mama aliyeketi kando yangu alivua maravini, akajipepea nayo, akaona ninamwangalia, tukacheka wote wawili. Na Turkana wala si ng'ambo kwetu! Magari ya Lodwar yanaondokea hapo Kitale, yanapita Kapenguria, yanateremka Marich, Kainuk, Lokichar. Wasafiri wake tunapishana nao stendi kila tukienda sokoni. Lakini uliza ukumbi mzima ni nani aliyewahi kulipanda gari lile akaenda kutazama watu wanaishije kule. Kimya. Ikabidi shuka la kitanda litupeleke.

Nawi ni msichana wa miaka 13. Anasoma kwa njaa, yaani njaa hasa, na katika mtihani wa darasa la nane anaongoza kaunti. Anataka shule ya upili, tena ya Nairobi. Wakati huo huo babake ana hesabu zake nyingine za ngamia, mbuzi na kondoo, na yuko mwanamume mzima, mwenye mali, anayesubiri kuletewa bibi. Basi! Hapo ndipo ninapofunga mdomo. Nikikuongezea hata kidogo nitakuwa nimekula utamu wako, na mimi si mtu wa namna hiyo.

Ila huyu mtoto anayemwigiza, jamani, jamani! Anaitwa Michelle Lemuya Ikeny, ni mtoto wa Turkana, na kabla ya hapo hakuwa mwigizaji wa filamu. Hakuwa! Sasa mwangalie anavyosikiliza. Waigizaji wengi wanajua kusema, huyu anajua kusikiliza. Watu wazima wanapanga maisha yake mbele yake, yeye amenyamaza tu, na usoni unaona fikira inaingia, inageuka, inatafuta mlango, haipati, inageuka tena. Halafu taratibu, bila kelele, bila hata kukunja ngumi, unaona ameshaamua. Nilisisimka hadi nywele za mkono. Tuzo za AMAA, zile kubwa za filamu za Afrika, zilimtambua mwaka ule ule wa 2024 kuwa mwigizaji chipukizi wa kutumainiwa, na mimi nasema walimpunja, wangempa na nyingine juu yake!

Na bado! Hadithi ilitoka kwa Milcah Cherotich, na waongozaji ni wanne. Wanne! Vallentine Chelluget, Apuu Mourine, na ndugu wawili Wajerumani, Kevin na Tobias Schmutzler. Nilipoambiwa hivyo kabla ya kuanza niliguna, maana wahenga hawakukosea kuhusu manahodha wengi na chombo kwenda mrama. Nikakaa tayari kabisa kuona chombo kikiyumba. Hakikuyumba. Nawi na ndugu yake Joel wanapokuwa pamoja, utani wao, ushindani wao wa darasani, ule upendo wa watoto usiosemwa kwa maneno, unahisi kamera imekaa nao muda mrefu ikazoeleka, wakaisahau. Watoto waliokuwa kwenye magunia walikuwa wanawajibu! “Joel, angalia nyuma!” “Nawi, kimbia!” Na mimi pia, usimwambie mtu, nilipiga kelele mahali fulani. Nilisimama kabisa.

Kama nina kinyongo, ni kidogo. Kuna pahali wakubwa wanazungumza kwa unadhifu mno, maneno yamepangwa vizuri kupita kiasi, unahisi wanamweleza mgeni mila badala ya kugombana wao kwa wao. Na muziki, ah, muziki unakuja kukuvuta machozi wakati machozi yalikuwa njiani tayari, yenyewe, kwa miguu yake. Wangeuacha ule upepo wa jangwani ufanye kazi. Lakini ni dakika chache tu, zinapita, na ukirudi kwenye uso wa Nawi umeshasamehe kila kitu.

Sasa nikuambie kilichotokea ukumbini, kwa sababu hicho ndicho hutakipata kwenye simu hata ulipie data ya mwezi. Maandishi ya tafsiri pale chini yalikuwa madogo, yanakimbia, na wazee wakaanza kunung'unika. Kijana mmoja wa nyuma akaanza kuyasoma kwa sauti, kwa Kiswahili. Taratibu kwanza, kwa adabu. Kisha akanogewa! Akaanza kubadilisha sauti, baba ana yake, mama ana yake, mwalimu ana yake. Kisha akaanza kuongeza ya kwake. Yule bwana harusi mtarajiwa alipotokea, kijana akamkaribisha kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na ukumbi ukavunjika mbavu. Ilikuwa lazima. Sisi wote tumelelewa na DJ Afro! Nani kati yetu hakukaa kwenye kibanda cha video akimsikiliza anatafsiri mangumi ya Wachina na bunduki za Wamarekani kwa Kiswahili cha mtaani, mpaka ukimwona shujaa yule yule bila sauti ya DJ Afro unahisi amepungukiwa? Na upande wa pili wa mlima huu huu, Uganda, wenzetu wana akina VJ Jingo wanaotafsiri kwa Kiganda kwa kasi ya ajabu. Mtu wa huku hajui kutazama filamu kimya. Hatukufundishwa!

Lakini sikiliza, ilifika sehemu, kijana akanyamaza mwenyewe. Hakuna aliyemwambia. Nawi alikuwa anamtazama babake, na kijana akakosa la kutafsiri. Ukumbi wote ukakosa. Mvua ilikuwa imeanza juu ya mabati na hakuna aliyelalamika kwamba hasikii, maana hakukuwa na cha kusikia, kulikuwa na cha kuona tu. Kisha mzee mmoja pale kati akasema kwa sauti nzito, “Hiyo ni kesi.” Akajibiwa na mama mmoja, pap, kwamba ni kesi, kwa Sheria ya Ndoa ya 2014 miaka ni 18, haina mjadala. Mzee mwingine akataka mjadala. Wee! Filamu ikaendelea huku na baraza likaendelea kule, na wasichana wa shule waliokaa pamoja ukutani hawakusema neno, lakini walikuwa wanamwangalia yule mzee wa pili kwa macho ambayo mimi nisingetaka kuangaliwa nayo. Ndiyo sababu nasema filamu hii itazamwe na watu. Ukiitazama peke yako utalia. Ukiitazama Kapsokwony utalia, utacheka, utabishana, na utarudi nyumbani ukijua jirani yako anafikiri nini.

Kenya iliipeleka kushindania Oscar ya filamu za kimataifa. Haikuingia kwenye tano za mwisho, na mimi sina habari na waamuzi wake.

Haya, vuta pumzi. Umevuta? Sasa nikupeleke Unguja!

Maana mwenye projekta, Mungu amweke, hakuishia hapo. Alikuwa na Vuta N'Kuvute. Hii ni ya Mtanzania Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto 2021, imetoka kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi yenye jina hilo hilo, na nilipoona jina nikaruka, kwa kuwa riwaya ile naipenda sana, na mtu anayependa kitabu huenda kutazama filamu yake akiwa na kisu mkononi. Nilikuwa na kisu changu. Nikakiweka chini kabla hata ya kukinoa.

Rangi, rafiki yangu! Rangi! Vichochoro vya Mji Mkongwe usiku, bluu nzito inayokaribia weusi, kisha mlango unafunguka na wekundu unamwagika nje pamoja na taarabu. Kila fremu ungetaka kuikata uitundike sebuleni. Jasho linang'aa shingoni, kitambaa kinapita ukutani, moshi wa sigara unapanda polepole, polepole, unahisi hata harufu ya chumvi. Tulitoka kwenye jangwa kavu la Nawi tukaingia kwenye unyevu wa pwani na bado tuko mlimani tumejifunika mablanketi, hebu fikiria!

Na bado, tena hapa nusura nianguke. Yasmin, yule msichana wa Kihindi wa Zanzibar ya miaka ya 1950, ameozwa mwanamume mzee. Mwanamume mzee! Tena! Kutoka Turkana ya leo mpaka Unguja ya Waingereza, hesabu ni ile ile, mtoto wa kike upande huu wa mizani, mali na heshima ya wakubwa upande ule. Wasichana wa ukutani waliliona kabla yangu, nikasikia mmoja anamwambia mwenzake, “Huyu naye!” Basi Yasmin anatoka. Anatoka tu! Anapata hifadhi kwa Mwajuma, anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru akiwa na polisi nyuma yake, na kutoka hapo mapenzi na siasa vinachezwa kwenye chumba kimoja. Ikhlas Gafur Vora anamcheza Yasmin kwa utulivu unaokera mwanzoni, ninakiri ulinikera, nilitaka alipuke. Kisha unaanza kuona utulivu ule ndio silaha aliyo nayo, na Gudrun Columbus Mwanyika akiwa Denge anaunguza pembeni yake.

Hukumu yangu? Nzuri, nzuri mno, nzuri ya kuumiza macho, ila inajipenda kidogo. Kuna wakati inasimama kujitazama kwenye kioo nasi tunangoja mambo yaendelee. Riwaya ina vurumai, ina vicheko, ina watu wengi wanaosukumana. Filamu imechagua wachache na kuwapamba. Mzee mmoja alisinzia, nitakuwa mkweli. Lakini Kiswahili kile! Kiswahili cha Unguja kilivyotiririka ndani ya ukumbi wa Kapsokwony, watu waliinua vichwa kukifuata. Hakuna aliyehitaji kijana wa kutafsiri, na kijana mwenyewe akakaa chini akasikiliza, mdomo wazi.

Kisha watoto wakaidai yao. Wakapewa Supa Modo. Loo! Loo, loo, loo!

Hii ni ya Likarion Wainaina, ya 2018, ilianzia kule Berlin ikazunguka dunia, na kama kuna filamu iliyotengenezwa ikituwaza sisi watu wa vibandani, ndiyo hii. Jo ni mtoto wa miaka tisa, ni mgonjwa, ugonjwa ule usio na kesho, na anapenda mashujaa wa filamu kuliko kitu chochote chini ya jua. Mamake ni mkunga, mwanamke anayepokea watoto wa wenzake na hawezi kumzuia wake asiondoke, yaani kaa na wazo hilo kidogo uone kama utameza mate. Dadake Mwix anaamua kwamba Jo atakuwa shujaa kweli. Kijiji kizima kinaingia kwenye njama! Na yuko Mike, mwenye kibanda cha video cha kijiji, anayetafsiri filamu kwa kelele na madoido, na alipotokea, ukumbi wetu mzima uligeuka nyuma kumtazama kijana wetu, tukapiga makofi. Kijana aliinuka akainama kwa heshima. Sijui nitaeleza vipi furaha ya dakika ile. Shuka linatuonyesha kibanda, na sisi tumo kibandani, na watu wa mle ndani wanacheka wakati sisi tunacheka!

Stycie Waweru aliyemcheza Jo ana tabasamu lenye ujanja, la mtoto anayejua zaidi ya wanavyodhani wakubwa. Na hapo ndipo filamu inapokukamata. Unadhani wakubwa wanamdanganya mtoto kwa wema wao, kisha pole pole unaanza kujiuliza ni nani hasa anayemlinda mwenzake hapa. Nimesema nini? Sijasema kitu. Nenda ukaone. Filamu haifiki hata saa moja na nusu, na ninaapa wazee waliotazama Nawi macho makavu, wale wa “hiyo ni kesi”, walikuwa wanasingizia moshi. Moshi gani? Jiko lilishazimwa!

Kasoro? Ni tamu mno kwa mtu asiyependa sukari. Basi. Mimi naipenda chai yangu na sukari nyingi.

Nyingine nitakupa haraka haraka maana nina njaa na bado sijakuambia. Nairobi Half Life ya David Gitonga, ya 2012, ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka Oscar, na haijachuja hata kidogo. Joseph Wairimu ni Mwas, kijana wa kijijini anayeuza filamu kwa kuziigiza mbele ya wateja, mangumi, milio ya risasi, kila kitu kwa mdomo wake, na dakika zile za mwanzo tu zinatosha kulipia kiingilio. Nairobi inavyompokea... twende, twende, usiulize. Kali, chafu, ya kuchekesha, ya kutisha, na watoto wapelekwe kulala kwanza.

Shimoni ya Angela Wanjiku Wamai, hiyo ndiyo niliyoogopa kuipendekeza kwa watu waliotoka kucheka. Mwalimu ametoka jela, anapelekwa kijiji ambacho moyo wake wote unakikataa, na Justin Mirichii anabeba jambo fulani kifuani kwa muda mrefu sana bila kulitua. Giza, kimya, mwendo wa taratibu, watu wengine waliondoka. Nami sikuweza kuondoka! Ilipata Farasi wa Shaba kule FESPACO, Burkina Faso, 2023, na ninaelewa kwa nini, lakini itazame ukiwa umelala vizuri na una mtu wa kuzungumza naye baadaye. Si ya kila mtu. Kwangu imekaa kama ilivyo, haijatoka.

Na kwa kufunga usiku, kwa sababu hatukutaka kurudi nyumbani na uzito ule, Who Killed Captain Alex? kutoka kwa jirani zetu! Isaac Nabwana, Wakaliga, Kampala, 2010. Helikopta za uongo, damu ya uongo, kungfu ya kweli, na sauti ya VJ Emmie inakupigia kelele katikati ya filamu akiisifia filamu yenyewe. Ni mbovu? Ni mbovu kwa furaha kubwa kuliko filamu nyingi nzuri nilizowahi kuziona! Iliundwa kwa pesa za kununulia mbuzi wachache, na vijana wa nyuma walitoka pale wakisema watatengeneza yao hapa mlimani, msitu tunao, mapango tunayo, kelele tunazo. Nami nawaambia watengeneze! Waniite hata nishike taa.

Umeona sasa? Nawi, Yasmin, Jo. Wasichana watatu, na watu wazima wamewazunguka wakiwaamulia, na kila mmoja anatafuta upenyo kwa akili yake. Sikuwapanga mimi, wala mwenye projekta hakuwapanga. Alileta alizokuwa nazo. Lakini baada ya kuwaona wakifuatana kwenye shuka moja, mashujaa wetu wa zamani wenye misuli na bunduki nimewaona wadogo, wadogo sana. Nawi hana hata kisu na nilimwogopea kuliko nilivyowahi kumwogopea komando yeyote.

Kwa hiyo nina maombi, na niyatoe wakati damu bado ina moto. Mwalimu mkuu mwenye ukumbi, mchungaji mwenye kanisa lenye ukuta mweupe, bwana mwenye kibanda kule Cheptais, Kopsiro, Kaptama: ziulizieni filamu hizi kwa wenyewe, ombeni ruhusa, zilipieni. Msinunue zile za kuibwa zenye kichwa cha mtu kinapita mbele. Waliozitengeneza wanakula kwa jasho hilo, na wakikosa hela hatutapata nyingine. Wekeni maandishi makubwa, au mtafuteni kijana mwenye sauti. Waleteni wasichana wa darasa la nane na la tisa wakae mbele, si ukutani, na waleteni baba zao wakae pamoja nao benchi moja.

Na wewe rafiki yangu usiyekuwepo, sikia: anza na Nawi, fuatisha Vuta N'Kuvute, halafu Supa Modo ukiwa na watoto na leso mbili. Shimoni iache mpaka upate mwenzio. Ukimaliza nipigie, hata iwe usiku wa manane, maana kuna lile jambo la mwisho la Nawi ambalo nimelibana moyoni na sina wa kumwambia!